Maneno Niliyoyameza Siku ya Msako

Kizibao kilianguka kutoka rafu ya juu ya kabati tulipokuwa tunawahamisha wazazi wangu kwenda nyumba mpya kule Woodbury, kikatua begani mwangu kama mkono wa mtu. Rangi yake ni ile ya chungwa kali inayoumiza macho, na mfuko mmoja umechanika. Kabla sijakikunja harufu yake ilikuwa imekwisha kunifikia: moshi wa kuni mbichi, mafuta ya bunduki, na kitu kingine chenye unyevu, kama majani yaliyooza chini ya theluji. Nikakaa juu ya sanduku la vyombo. Mama alikuwa jikoni akifunga sahani kwa magazeti, akaita mara mbili, "Furaha, weye uko wapi?" Nikajibu niko hapa, lakini sikuwa hapo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimesimama mbele ya gari la mzee mmoja wa Kizungu, nikijiona mkalimani hodari kuliko wote waliowahi kuzaliwa.

Niseme mapema kwamba katika kisa hiki hakuna aliyekufa. Mimi mwenyewe siwezi kusoma jambo nikiwa na wasiwasi huo. Huruka kurasa kwenda mwisho kwanza, nikishaona watu wako hai ndipo narudi nyuma. Basi wako hai wote. Ila kuna mtu niliyemwondolea kitu, na alikaa bila kitu hicho miaka mingi, na ni baba yangu.

Papa alifanya kazi katika kiwanda cha maboksi kaskazini ya mji, upande wa Champlin, na sisi tukiishi Saint Paul katika nyumba ya vyumba viwili ambamo ukifungua friji mlango wake unagonga meza. Mwenzake kwenye mashine aliitwa Dale, mtu wa makamo anayeelekea uzee, mwenye masikio mekundu majira yote. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Walisemezana kwa vidole na kwa chakula. Mama alimpelekea Dale sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu, katika bakuli la plastiki, akala, akalamba kijiko, akarudisha bakuli likiwa na soseji nyeusi za nyama ya kulungu aliyemwinda mwenyewe na kumkausha kwa moshi.

Papa aliiweka nyama ile mdomoni akakaa nayo muda mrefu bila kutafuna.

"Hii ilikula majani," akasema. "Hii iliishi."

Mama akamcheka. "Na kuku wangu je, hakuishi?"

"Kuku wako alingojea."

Tangu siku hiyo akawa anatusimulia msitu wa kwao, nyuma ya mji wa Mwenga, ambako sikumbuki chochote kwa sababu nilitolewa huko mgongoni mwa mama. Kwao watu huwinda kwa nyavu. Wanaume hufunga nyavu kutoka mti hadi mti, ndefu kama barabara, kisha wake zao na watoto na mbwa wenye kengele za mti shingoni huingia kwa upande wa pili wakipiga kelele. Paa hukurupuka, hukimbia kelele, hujitupa wavuni. Hapo anayelinda sehemu ile ya wavu hupiga ukelele mmoja, amenasa! Na watu wote huacha walichokuwa wakifanya, hukimbilia kule. Lazima wakimbie, alisema Papa, kwa sababu aliye wavuni yuko peke yake na mnyama mwenye pembe na kwato, na wavu ni kamba tu. Ukitembea wakati wenzio wanakimbia, jioni watu hawakuangalii usoni.

Nilisikiliza kama mtoto anavyosikiliza, yaani nikiwa na kitabu mkononi, na nilimjibu kwa Kiingereza.

Dale alipomwalika Papa kwenda kuwinda Novemba ile, mambo yote yalipita kwangu. Tulihudhuria darasa la usalama wa wawindaji pamoja, mimi na yeye, katika ukumbi wenye viti vya kukunja. Nilimnong'oneza kila neno sikioni, na mwalimu akaniruhusu nimsomee maswali ya mtihani. Papa alifaulu. Mimi sikukosa hata swali moja. Kadi niliyopewa ya kufaulu nilikuwa nikiitoa kila jioni kuiangalia, nihakikishe jina langu bado limeandikwa sawasawa. Hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba kutafsiri vizuri ni kutafsiri bila kukwama. Mkalimani akisita, niliona, watu wanamtazama.

Shamba lilikuwa la kaka yake Dale, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka kwake Champlin. Tulifika kumekucha, miti imevaa barafu. Tulikuwa sita: Dale, mpwa wake Travis, marafiki wawili wa Travis, Papa na mimi. Wote tumevaa vizibao vya chungwa, changu kinanifika magotini. Dale alituhesabu kwa kutugusa kofia, mmoja mmoja, kama mwalimu wa chekechea. Nilidhani anatania. Sasa najua hakuwa anatania hata kidogo.

Aliinama juu ya boneti ya gari lake akachora ramani kwa kidole katika ule utando wa barafu. Huu hapa msitu. Hapa mwisho wake watasimama wenye bunduki watatu, yeye na wale vijana wawili, kila mmoja kwenye mti wake, na hapana ruhusa ya kuuacha mti. Sisi watatu tuliobaki, Travis na Papa na mimi, tutaingia upande wa pili tukitembea kwa mstari, tukigonga vigogo kwa fimbo, kuwaswaga kulungu waende kule, ndio msako wenyewe. Waswagaji hawabebi bunduki.

"Hata mimi?" Travis akauliza.

"Hasa wewe," Dale akamjibu, na wenzake wakamcheka.

Akaendelea. Mwenye bunduki haielekezi kwenye mstari wa watu, hata kulungu awe mkubwa kama ng'ombe. Hupiga mnyama akishampita, au akiwa ubavuni, na ajue kilicho nyuma ya mnyama. Nilitafsiri yote. Yalitoka kinywani mwangu yamepangika, na Papa akitikisa kichwa, "Bon. Bon. Vizuri."

Kisha Papa akauliza swali lake. "Mwulize, mnyama anapita wapi? Kama kila pahali tumefunga, yeye iko na nafasi gani?"

Nililitafsiri kwa aibu kidogo, nikiona si swali la mwindaji. Lakini Dale alimtazama Papa, akakichovya kidole tena katika barafu, akachora upande wa kinamasi.

"Hapa tunapaacha wazi. Siku zote. Mwambie baba yako ni watu wachache sana wameniuliza hilo."

Nilivimba kichwa kana kwamba swali lilikuwa langu.

Ndipo ikaja sheria ya mwisho. Dale alinyooka, akanitazama mimi, si Papa.

"Na hii ndiyo kubwa. Mkisikia mlio wa bunduki, simameni. Hapo hapo mlipo. Hata kama mguu uko ndani ya maji. Hakuna hatua nyingine mpaka nipige filimbi. Mwambie baba yako asimame kama mtoto anayecheza mchezo wa sanamu."

Travis akacheka, akajifanya sanamu, mguu mmoja juu, ulimi nje. Rafiki zake wakacheka. Na mimi nikaona wanamcheka baba yangu.

Nimeirudia dakika hiyo mara nyingi kuliko dakika nyingine yoyote ya maisha yangu. Nilielewa kila neno. Nilichokosa ni namna ya kumwambia mtu mzima, baba yangu, mbele ya vijana wanaotoa ulimi, kwamba asimame kama mtoto. Sikuwa na umbo la heshima la kuivisha sentensi ile. Nikaitafuta, nikahisi nimeanza kukwama, nikaona watu wananitazama. Na nilidhani, naapa nilidhani hivyo, kwamba haikuwa sheria. Nilidhani ni dhihaka iliyotiwa mwishoni mwa sheria.

"Anasema nini?" Papa akauliza.

"Anasema tuwe waangalifu."

"Maneno yote yale, kuwa waangalifu tu?"

"Ndiyo, Papa. Kiingereza ni kirefu."

Akacheka, akanirekebishia kofia.

Tuliingia msituni. Travis kushoto kwangu, Papa kulia, kila mmoja umbali wa kuweza kuona rangi ya mwenzake kati ya miti. Theluji ilikuwa nyembamba, chini yake majani yakilia kama karatasi. Tok, tok, fimbo zetu kwenye vigogo. Travis alikuwa akipiga miayo kwa sauti. Kisha Papa akaanza kuita. Ulikuwa wito, hoo-hooo, ukipanda na kukatika, nao ulitoka mahali kifuani mwake nisipowahi kupasikia. Nyumbani Papa alikuwa mtu wa sauti ndogo. Kazini, benki, shuleni kwangu, sauti ndogo, na mimi mbele yake nikisema kwa niaba yake. Pale msituni hakunihitaji. Aliuita msitu wa watu wengine kana kwamba unamjua jina, na mimi nikatembea nikiwa na furaha iliyochanganyika na wivu.

Mlio wa bunduki ulikuja mfupi na mkavu, mbele yetu.

Travis akasimama kama nguzo. Nami nikasimama, mguu mmoja juu ya gogo. Nilikuwa naijua sheria.

Kulia kwangu ile rangi ya chungwa haikusimama. Ilikimbia. Papa alikuwa akiruka magogo kama kijana, amenyanyua fimbo, akipiga kelele kwa shangwe, "Amenasa! Amenasa!" na mbele yake kulungu wa pili akachomoka kutoka vichakani, wote wawili wakielekea moja kwa moja kwenye miti ya wenye bunduki. Nilipiga kelele asimame. Nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote, na iliyotoka ilikuwa Kiingereza.

Kisha kimya. Nilingoja mlio wa pili. Bado nausubiri, wakati mwingine, nikiwa kwenye foleni ya dukani, nikiwa naosha meno. Haukuja. Ilikuja filimbi.

Tulipofika, Dale alikuwa amekaa chini kwenye theluji. Bunduki yake ilikuwa wazi magotini, risasi ameshazitoa, ziko pembeni yake tatu zinang'aa. Mikono alikuwa ameificha kwapani. Baada ya risasi yake ya kwanza alikuwa amemfuata yule kulungu wa pili kwa mtutu, kidole kimeanza kuvuta, na nyuma ya mnyama ikaingia rangi ya chungwa. Akauinua mtutu juu mbinguni. Hivyo ndivyo alivyoeleza baadaye, kwa sentensi fupi fupi, akiangalia viatu vyake.

Papa alikuwa amesimama mbele yake, anahema, fimbo mkononi, bado anatabasamu. Tabasamu lile nililiona likizimika kidogo kidogo, upande mmoja wa mdomo kwanza.

"Wote tulisikia," Travis alikuwa anafoka. "Aliambiwa! Karibu amfanye mjomba wangu kuwa muuaji!"

Dale akanyanyua mkono kumnyamazisha. Akanitazama. Macho yake yalikuwa na machozi ya baridi, au machozi tu.

"Ulimwambia?"

Nikasema ndiyo.

"Ulimwambia asimame?"

Ndiyo. Nilimwambia.

Papa akanigeukia. "Anauliza nini?"

"Anasema uliambiwa usimame ukisikia bunduki."

Akanikazia macho. Nilimwona akitafuta, akirudi nyuma mpaka kwenye boneti na barafu na kidole cha Dale, akipekua kila nilichomwambia. Niliona wazi kwamba hakukikuta. Halafu akaamua. Kati ya kichwa chake na neno langu, alichagua neno langu.

"Niliambiwa," akasema polepole. "Basi nilisahau. Mwambie nimekosa. Mwambie kichwa changu kimechoka, anisamehe."

Hilo nililitafsiri vizuri sana, bila kukwama.

Dale alituhesabu tena, sita, akituzungukia na kutugusa kofia, na kwenye kofia ya Papa mkono wake ulikaa zaidi. Hakuna aliyewinda tena siku hiyo. Dale hakutualika tena. Majira ya kuchipua alihamia zamu ya asubuhi, na baadaye Papa akapata kiwanda kingine.

Ningependa kusema niliumwa na dhamiri nikakiri baada ya wiki. Nilingoja Papa asahau. Hakusahau. Kanisani, siku ya ushuhuda, alisimama akiwa na koti lake la kijivu akasimulia jinsi Mungu alivyomwokoa na ujinga wake mwenyewe. "Niliambiwa simama, nikakimbia. Mtu mzima!" Watu wakacheka, wakasema amina. Mama akanipiga kiwiko nami niseme. Nikasema amina. Baadaye baba mmoja wa kwaya akawa anamwita Papa Mbio kila akimwona kwenye maegesho, "Papa Mbio, taratibu, kuna barafu!" naye akicheka nao.

Kwenye kazi mpya walitaka kumpa uongozi wa mashine nne. Akakataa. "Mimi watu siwezi kubeba," alimwambia mama. "Naambiwa jambo, linaanguka." Barua zote akaanza kunisomesha mara mbili. Mwaka uliofuata akaomba tumwone daktari wa kichwa, na mkalimani nilikuwa mimi. Daktari akauliza usahaulifu ulianza lini. Papa akajibu: siku moja msituni. Nikalitafsiri. Alipewa maneno ya kukumbuka, akayakumbuka yote, daktari akasema haoni tatizo, na nilipomwambia Papa hivyo alinipigapiga mkono kama mtu anayemliwaza mtoto aliyeficha habari mbaya.

Sasa nina mazoea yangu. Kikao ninachotafsiria kikianza nahesabu watu, kikiisha nahesabu tena. Kiswahili cha kuandika nimejifundisha mwenyewe ukubwani, kwa kunakili kurasa za watu wengine usiku na mchana hadi vidole viote sugu, na wanaoniuliza sababu huwaambia ni mapenzi ya lugha. Ni uongo mdogo. Niliogopa tena kukosa umbo la sentensi moja.

Kwa hiyo siku ile ya kuhama nilishuka na kizibao mkononi. Papa alikuwa kwenye gari la mizigo akifunga godoro kwa kamba. Nilikuwa nimeyapanga maneno ngazi nzima, na nilipofika yakapotea, nikamwambia ovyo ovyo, kwa Kiswahili, nikianzia katikati. Kwamba Dale alisema tusimame. Kwamba mimi sikumwambia. Kwamba nilisema ndiyo.

Aliendelea kuvuta kamba mpaka fundo likakaza.

"Kwa hiyo sikusahau."

"Hukusahau, Papa."

"Hata siku moja."

"Hata siku moja."

Alishuka, akanipita, akalizunguka gari. Akalizunguka tena. Nilisikia viatu vyake kwenye kokoto, na nilijua hasira yake ilikuwa na haki ya kuzunguka mara nyingi atakavyo. Aliporudi hakunikumbatia. Alisimama mbali kidogo.

"Zile mashine nne," akasema. "Ningeziweza."

"Ningejua kusema..."

"Wacha. Namba ya Bwana Dale, iko bado?"

Ilikuwepo, katika kijitabu cha mama cha nambari, kwa mwandiko wangu wa utotoni uliojipinda kwa bidii. Tukaweka simu juu ya sanduku la vyombo, sauti wazi ili sote tusikie. Iliita mara nyingi. Dale alipopokea sauti yake ilikuwa imezeeka, ila ilipanda ghafla aliposikia jina la Papa. Wakaulizana hali kwa Kiingereza. Cha Papa siku hizi kinatosha dukani na kazini. Kisha Papa akasogeza simu kwangu.

"Sasa sema weye. Yote. Usiache kitu."

Nikasema. Nilisema nilichoambiwa kwenye boneti na nilichokimeza, na nilivyomjibu alipokuwa amekaa kwenye theluji. Kila nilipomaliza sentensi kwa Kiingereza niliirudia kwa Kiswahili, ili Papa ayasikie yale yale. Nilikwama mara nyingi, nao wakaniacha nikwame.

Nilisikia redio ndogo nyuma ya Dale.

"Lakini alikimbia," Dale akasema mwishowe. "Sijaelewa mpaka leo. Mtu akisikia bunduki hukimbia kwenda mbali. Yeye alikuja kwangu. Anacheka. Niliacha misako kwa ajili ya uso ule. Mwulize alikuwa anakimbilia nini."

Nikamwuliza Papa. Naye akaeleza habari za nyavu, mti hadi mti, za mbwa wenye kengele, na ukelele wa kwanza, na kwamba wote hukimbia. Mlio wa bunduki, kwake, ndio uliokuwa ukelele. Nikavusha yote, hadi neno la mwisho: alikuwa anakuja kukusaidia kumshika.

"Rudia hilo," Dale akasema.

Nikafungua mdomo, lakini Papa hakunisubiri. Aliinama juu ya simu, mikono juu ya sanduku, akasema mwenyewe kwa Kiingereza chake, kwa sauti ile ya msituni:

"Nilifikiri uko peke yako na mnyama, Bwana Dale."